Eda ya Pili ya Divina

Katika basi la Ghubra, Muwanga, mpishi Mganda, alimweleza Bi Afra, jirani yake wa kiti, kwamba mchumba wake Divina, Mfilipino, alidai talaka kwa mumewe Mmisri akaipata, ila bado hawawezi kuoana.

“Kaachika, eda kamaliza, mnangoja nini tena, mwanangu?”

“Mahakama ya kwao, mama. Wakristo wa kule hawana talaka. Lakini mahakama ya juu kabisa ilishaamua: mume akiwa mgeni, hata mke akiidai mwenyewe, itatambuliwa. Tunasubiri hakimu tu.”

“Basi hiyo eda ya pili! Miezi mingapi?”

Mimi niliyekaa nyuma yao sichekicheki ovyo, lakini nilicheka.

“Hata miaka, mama. Tutangoja.”

“Miaka! Huyo hakimu nnamfuata mwenyewe!”

Basi likasimama. Walishuka wakibishana nani atamsindikiza mwenzake kwa hakimu.