Mwalimu Kimeu wa Kona ya Mwisho

Ndugu waombolezaji, Watanzania na Wakenya mliofunga maduka na kuiacha mizigo yenu asubuhi hii, dada Kauthar uliyetupa ukumbi wa mgahawa wako hapa Xiaobei, na Mwalimu Liang uliyeketi kule nyuma ingawa huelewi neno ninalosema, mimi ni Austin, mtoto wa dada yake marehemu, na ninasoma kwa niaba ya ukoo kwa sababu hapa Guangzhou, China, ukoo mzima ni mimi peke yangu.

Marehemu Mwalimu Jeremiah Kimeu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 huko Kangundo, wilaya ya Machakos, Kenya, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho baada ya mama yangu. Alisoma shule ya misheni kijijini kwao kuanzia 1943 hadi 1950, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1953.

Alianza kufundisha Januari 1954, na mwaka 1959 akahamishiwa shule moja ya sekondari mjini Machakos, ambako alikabidhiwa timu ya riadha baada ya mwalimu Mzungu kurudi kwao, timu isiyo na viatu, bila chokaa, bila hata uwanja, basi akachora njia za mbio kwa majivu ya jikoni, akapima duara kwa kamba ya kufungia ng'ombe, na mwaka 1961 vijana wale, wote pekupeku, wakatwaa kikombe cha wilaya. Kuanzia 1968 hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1989 alikuwa mkufunzi wa michezo katika chuo cha ualimu, na ole wako umwambie haraka haraka haina baraka, maana alishikilia kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyetoka wa nne.

Makocha wengine husimama penye utepe ili wapigwe picha na mshindi, lakini yeye alisimama kwenye kona ya mwisho, pale mkimbiaji anaposhikwa na wazo la kuacha, akipaza neno moja tu, kaza, na saa yake ya kupimia mbio, ile ya kutiwa ufunguo, hakuibonyeza isimame mpaka wa mwisho afike. Nayajua haya kwa sababu wa mwisho nilikuwa mimi, Julai 1972, mbio za maili tatu za shule yangu alizoalikwa kusimamia, washindi wameshakunywa chai, naye akaizuia shule nzima kandokando ya mstari hadi nikaingia nalia, akabonyeza saa, akausoma muda wangu kwa sauti ileile aliyomsomea mshindi.

Alifunga ndoa na mwalimu Mumbua tarehe 22 Agosti 1959, hawakujaliwa mtoto, wakanichukua mimi mwaka 1966 mama yangu alipofariki, nikiwa na miaka tisa. Mumbua alimtangulia tarehe 3 Mei 1995. Watu husema wanafunzi wa mwalimu ndio watoto wake, ni maneno mazuri, lakini nilipomtembelea Agosti mwaka huu nilikuta viti sita sebuleni, vyote vina vumbi isipokuwa kimoja.

Kwa sababu ya viti vile nilimleta huku tarehe 9 Septemba 1998, nikimdanganya kwamba namhitaji anichagulie viatu vya michezo vya mashuleni, kisha nikampangia chumba hotelini hapa Xiaobei, nikaenda zangu Xintang, nje ya jiji, kwenye viwanda vya jinzi, tukawa tunaonana Jumapili kwa Jumapili, na Jumapili nyingine hatukuonana. Kwa hiyo nilimtoa upweke wa kwao nikamletea wa ugenini, usio na hata jirani wa kumjulia hali. Alijifunza neno moja la Kichina, meiyou, yaani hakuna, kwa kuwa ndilo aliloambiwa mara nyingi zaidi.

Mwezi wa kumi alianza kutoka alfajiri na kwenda kusimama nje ya uzio wa shule iliyo nyuma ya hoteli, kwenye kona, akiwapimia watoto mbio kwa saa yake, na siku ya nne Mwalimu Liang, kocha wao, akamfungulia lango. Hawakuwa na lugha, walikuwa na saa mbili. Kufikia Novemba dada Kauthar aliwasikia watoto wa Kichina wakipaziana sauti, kaza, kaza, akadhani masikio yake yamechoka.

Marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu 1991. Ijumaa tarehe 11 Desemba alinipigia simu kwamba kifua kinambana, nikaahidi kufika jioni ile, lakini kontena lilikuwa linapakiwa, na sisi wa jinzi tunajua kwamba mzigo ukiupa kisogo kabla mlango wa kontena haujatiwa lakiri, Mombasa unapokea suruali nyingine. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilipiga simu kwa dada Kauthar, nikasema niko njiani, kama tunavyosema sote miguu ikiwa bado ndani ya kiwanda, naye akamfikishia. Mjomba akafurahi, akaibonyeza saa, akasema atanipimia kutoka Xintang, akaenda kwenye kona yake. Huko alianguka, Mwalimu Liang akambeba mgongoni hadi hospitali, na saa tano na dakika ishirini akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtu asiyeweza kumwambia pole kwa lugha yake.

Nilifika Jumapili adhuhuri. Nilikuwa nasimamia suruali. Muuguzi akanipa ile saa, mshale umesimama bila kubonyezwa na mtu, ufunguo wake ulikuwa umeisha, na hivyo kwa mara ya kwanza ilisimama kabla ya wa mwisho kufika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, dada Kauthar kwa uji na ukumbi, kaka Mbarak, wakala wa mizigo, aliyeshughulikia karatasi ili Jumatatu tarehe 21 Desemba mjomba asafiri kwenda kulala kando ya Mumbua, wafanyabiashara wote wa Xiaobei, na Mwalimu Liang, ambaye sina neno la kumpa ila hili moja analolijua, kaza.

Mjomba, saa yako nimeitia ufunguo leo asubuhi, inakwenda, iko mkononi mwangu. Sikuwa njiani. Sasa nimefika, naibonyeza, wa mwisho ameingia, nenda ukapumzike.