Mchungaji Dramadri na Kengele ya Midia

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: ninajua kwa nini kanisa letu la Midia halina kengele. Nimelijua tangu mwaka jana. Nikikaa kula, linakaa nami. Na tangu Jumatatu, kengele ya zamani ilipopatikana, nimeanza kuliandika.

Lakini nianze kama nilivyoagizwa. Mchungaji Yosia Dramadri anastaafu Jumapili hii, tarehe 18 Desemba 1994, baada ya kutumika kati yetu kwa miaka ishirini na mitatu. Kamati ilinichagua mimi kuandika wasifu wake kwa sababu Kiswahili cha vitabu nilifunzwa ukimbizini Zaire, na Kiingereza ninasomea Arua. Mzee Jale, mwenyekiti wetu, alisema mbele ya watu wote, "Keji, wewe mdomo hakuna, lakini kalamu iko." Watu wakacheka. Nami nikaangalia miguu yangu, kama kawaida.

Wasifu wa kwanza nimeshaumaliza. Ni safi, una furaha, na hauna neno hata moja la kumtia mtu wasiwasi. Uko ndani ya Biblia, unamngoja Mzee Jale, atakayeuchukua leo aupeleke Arua ukapigwe chapa. Huu ni wa pili. Kila mtu akipita mlangoni naufunika kwa sinia ya simsim.

Mchungaji alizaliwa upande wa Arua, Mlugbara, na jina lake lina kifo ndani yake, kama majina mengi ya kwao. Alipoletwa kwetu Wakakwa mwaka 1971 hakujua lugha yetu, nasi hatukupenda kuhubiriwa kwa lugha yake, basi akahubiri kwa Kiswahili. Wazee wanasema mahubiri ya kwanza yalikuwa mafupi sana kwa sababu maneno yalimwishia. Aliomba radhi, akaimba badala yake. Sauti yake haikuwa nzuri siku ile na haijapona mpaka leo.

Kengele aliitafuta mwenyewe. Ilikuwa ringi ya gurudumu la lori la Tahiru, fundi wa magari, Mwislamu wa Koboko, ambaye alimpa bure akisema, "Chukua, Pasta. Gari imekufa, basi ringi yake nafufuka kwako." Ilining'inizwa kwenye mti mbele ya kanisa. Jumapili ilipigwa kuita ibada. Ikilia siku ya kazi, polepole, maana yake ilikuwa moja tu: kuna msiba, njooni. Mtu aliacha jembe, akanawa, akavaa nguo safi, akaenda kanisani kuuliza ni nani. Mchungaji ndiye aliyewafundisha watu hivyo, na walishika sana.

Mwaka 1979 serikali ilianguka, na Oktoba ya mwaka uliofuata vita vilifika mpaka kwetu. Watu wa Midia walivuka kwenda Zaire na walichoweza kubeba. Mchungaji alivuka nao. Kule Ingbokolo kanisa lilikuwa turubai la magunia, na Meza ya Bwana ilikuwa muhogo uliochemshwa na chai ya rangi. Kuna bibi aliyeonja kikombe, akakunja uso, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Pasta, Yesu yenu iko bila sukari?" Mchungaji alicheka mpaka akashindwa kumaliza sala. Tuliokuwa watoto hatukuelewa, tukacheka kwa sababu yeye anacheka.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Surua iliingia kambini, na binti yake Driwaru alikuwa mmoja wa waliokufa. Kaburini Mchungaji aliimba, peke yake, kwa ile sauti mbovu, na watu wakanong'ona kwamba akili imemruka. Mke wake, Mama Margaret, aliwaambia, "Wacheni yeye aimbe. Akinyamaza, hapo ndio mi nitaogopa." Maneno hayo mama yangu huyasimulia mara nyingi. Nami nimeyafikiri sana mwaka huu.

Tuliporudi nyumbani, kanisa lilikuwa kuta mbili na majani. Mchungaji alifyatua matofali pamoja na vijana. Upepo ukabeba paa la kwanza, akaezeka la pili. Alipatanisha watu waliorudi na kukuta wengine wanalima mashamba yao, kazi iliyochosha kuliko matofali. Lakini kengele hakuiweka tena. Watu waliuliza, akajibu kwamba ringi imepotea vitani na miguu yake iko. Tangu wakati huo, kila Jumapili alfajiri, hupita njia zote za Midia akiimba, na sisi tunatoka majumbani tunamfuata. Tahiru humtania: "Pasta, wewe naamsha mpaka kuku ya Waislamu." Naye hujibu, "Leta hao kuku pia, iko nafasi."

Wote tunamjua hivyo: mtu wa furaha. Nilipoanza kuandika nilikuwa na neno hilo tu, furaha, nikalirudia mpaka likawa halina ladha.

Sasa lazima niseme habari za baba yangu, ingawa wasifu huu si wake.

Baba yangu, Kamisi, alikuwa mpiga ngoma wa kwaya. Siku ya kukimbia alikuwa shambani. Alirudi nyumbani haraka, akanawa, akavaa shati lake jeupe, akatoka. Hakuonekana tena. Mama alikuwa mtoni anafua. Mdogo wake baba ndiye aliyemwona, akamwambia mama habari za shati; waliokuwa kanisani walisema hawakumwona. Tangu hapo hilo shati limekuwa mzigo wa mama. Mtu anayekimbia askari anavaa shati jeupe anaenda kwa nani? Watu walipata jibu upesi: ana mwanamke Sudani, vita vimempa nafasi. Hata mwaka huu, kisimani, wapo wanaomwambia, "Asiya, bwana yako bado nafua ile shati huko Yei?" Mama hucheka nao, hujaza mtungi wake, huja nyumbani, na siku hiyo hatumsikii tena.

Kuna kitu kingine mama husimulia. Husema siku ile ringi ililia kwanza polepole, ya msiba, na yeye akaanza kufunga kitambaa safi aende kanisani, mimi nikiwa mgongoni. Halafu ghafla ikabadilika. Ikaanza kulia mbio mbio, ule mlio wa ngoma za zamani za hatari, na kila mtu akajua kwamba si kuja, ni kukimbia. "Ile mbio ndio imetuponya," husema. Hajui ilikuwa mkono wa nani. Anadhani ni Mchungaji.

Mwaka jana Mchungaji alikuja Arua kwa mkutano, akapita shuleni kwetu na mkebe wa simsim ya kusaga kutoka kwa mama. Shule yetu nayo hupiga ringi. Mimi huwa najua saa yake, na kabla haijalia nimeshakwenda nyuma ya jiko, nimeziba masikio. Wenzangu wanadhani napenda kukaa karibu na chakula, na mimi nawaacha wadhani. Siku hiyo nilisahau, kwa furaha ya kumwona. Ringi ikalia. Nikachuchumaa pale pale uani. Nilipoinua macho, mkebe ulikuwa umeanguka na Mchungaji alikuwa amechuchumaa pia, na koti lake la mkutano, mbele ya wasichana wote waliokuwa wanakimbilia chakula.

"Wewe pia?" akaniuliza.

"Mimi pia."

Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu sikujua tena kama bado anacheka. Tukakaa kwenye ngazi ya darasa, akaniambia.

Askari walipokuwa barabarani, alikimbilia ringi kuwaonya watu, na kwa hofu akaipiga kama alivyozoea kuipiga. "Miaka tisa mi nafundisha watu, ringi ikilia, kuja," alisema. "Siku hiyo nataka wakimbie, na mi napiga ile ile. Wakaja, mtoto yangu! Wamevaa vizuri, wamebeba watoto, wanakuja!" Aliwapigia kelele warudi, lakini wengine walikuwa bado njiani wanakuja. Baba yangu akafika na shati lake jeupe. Akauliza, "Nani amekufa, Pasta?" Alipojibiwa kwamba hakuna mutu amekufa, ni askari, aliwatazama wale wanawake na watoto waliojazana ndani ya kanisa, akachukua chuma mkononi mwa Mchungaji. "Wewe iko na watu. Mi iko na mkono. Peleka hawa."

Akaibadilisha. Ni mpiga ngoma tu angeweza. Aliipiga mlio wa hatari, na waliokuwa njiani wakageuka. Mchungaji aliwatoa wale waliokuwa kanisani kwa mlango wa nyuma, bila wao kumwona aliyekuwa mtini, akawaongoza mpaka mtoni, na njia nzima walikuwa wanaisikia. Walipofika majini, ikanyamaza.

"Watu wakasimama," Mchungaji alisema. "Hakuna mutu napumua. Watoto wanasikiliza kule nyuma. Mi nikaona, wakiendelea kusikiliza ile kimya, hawatavuka. Basi nikaimba. Hofu ilikuwa imejaa mpaka hapa," akashika koo. "Na iko mpaka leo. Kila Jumapili naamka nayo. Lakini kama mi nangoja hofu iishe ndio niimbe, nitazikwa bila kuimba."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama. Alisema kwamba kila mwaka alifika mpaka mlangoni petu, na kila mwaka alisalimia, akauliza habari za muhogo, akaondoka. Atasemaje kwamba yeye aliyekosea aliondoka na yule aliyerekebisha alibaki? Aliyasikia ya kisimani, akakemea wasengenyaji mimbarini, lakini lenyewe hakulisema. "Mi nimehubiri yote, Keji. Hiyo moja imenishinda. Siku wewe unaweza, sema. Mi sitakataa." Ringi hakuipoteza. Aliikuta kwenye majani chini ya mti, tuliporudi, akaifukia nyuma ya kanisa.

Jumatatu vijana walikuwa wanasafisha pale ili kusimamisha turubai la sherehe, na jembe likagonga chuma. Kijiji kizima kilishangilia. Tahiru mwenyewe alikuja kuitambua ringi yake. Sasa imepakwa rangi nyeupe, imening'inizwa, imefunikwa kwa kitenge, na Jumapili, Mchungaji akiingia, itapigwa ghafla kwa heshima yake. Yeye hajui hiyo habari, kwa kuwa yuko Arua mpaka Jumamosi. Kila nikiwaza jinsi atakavyosimama chini yake, mbele ya watu wote, na mama ameketi safu ya mbele, narudi kwenye karatasi hii.

Nimeogopa mambo mengi wiki hii. Naogopa watu watamwona Mchungaji mwongo. Naogopa mama atamchukia, au atanichukia mimi, kwa likizo zote za mwaka mzima nilizokaa naye meza moja nikijua. Naogopa kwamba furaha ya Mchungaji, ambayo tumetembea nyuma yake alfajiri zote hizi, watu wataiita ya kujificha. Mimi nilimwona amechuchumaa uani. Asubuhi ya Jumapili iliyofuata, mama aliniandikia, Mchungaji alipita njia zote akiimba kama kawaida. Huko si kujificha. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake yote ya miaka ishirini na mitatu, na kama wasifu hauisemi, basi hausemi kitu.

Mzee Jale, kamati yote, sisemi kengele isipigwe. Naomba isipigwe kabla watu hawajaambiwa ni mkono wa nani ulioipiga mara ya mwisho. Na kama ikipigwa, anayeruhusu awe mama yangu. Alfajiri hiyo Mchungaji asitembee. Twende sisi nyumbani kwake, tupite njia zote tukiimba, tumchukue yeye na Mama Margaret. Mimi nitaimba pia. Nimesema, na iko kwenye karatasi.

Mchungaji, asante kwa muhogo na chai bila sukari. Asante kwa mtoni. Pumzika sasa kwenu Arua, ulime kidogo, ulale mpaka jua litoke siku za Jumapili, na hofu ikija ikukute hauko peke yako. Midia inakutakia siku njema, na mtoto wa Kamisi anakutakia hivyo hivyo.

Nasikia hatua nje. Nilidhani ni Mzee Jale, lakini si yeye, yeye hukohoa tangu barabarani. Ni mama, anatoka kisimani, nasikia anatua mtungi. Sinia iko mkononi mwangu. Nimeiweka chini, karibu na mlango, na karatasi nimeigeuza imtazame yeye atakapoketi. Kusoma alifundishwa na Mchungaji, Ingbokolo, chini ya magunia. Husoma polepole, kwa kidole. Nitamngoja afike kwenye shati.