Mama Pascalia Nekoye Andati, Aliyefuma Radi Ikipiga

Mama Pascalia Nekoye Andati, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1966, karibu na Malava, katika familia ya wakulima wa miwa. Jina Pascalia lilitokana na sikukuu hiyo. Alikuwa kifungua mimba, na waliomlea walisema alikuwa mtoto wa kelele, mwenye kucheka mpaka anakaa chini. Wengi wetu hatukumjua hivyo. Sababu tutaisema, maana yeye mwenyewe hakuificha.

Alianza masomo mwaka wa 1973. Alasiri moja ya Mei 1977, akiwa darasa la tano, radi ilipiga darasa lao. Msichana aliyeketi naye dawati moja hakuinuka tena. Pascalia alitoka bila alama yoyote mwilini, lakini hofu ilimwingia na haikutoka. Alikaa nyumbani mwaka mzima, akahamia shule nyingine, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1980. Na nani hapa asiyeijua mvua ya Kakamega? Mchana wingu linapanda, alasiri linanguruma, karibu kila siku ya Mungu. Kwa Pascalia, chakula cha mchana kilikuwa kigumu kumeza, kwa kuwa alijua kinachofuata.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani na Bwana Willis Andati, askari wa msitu wa Isecheno. Waliishi kwa mama mkwe, Bibi Muhonja, karibu na kituo cha msitu, na Pascalia akapata kazi kwenye kitalu cha miche. Binti yao, Rachael, alizaliwa Juni 1989.

Machi mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo marehemu aliomba lisomwe siku ya mazishi yake, hata kama litatuchoma. Alikuwa uani akianika mahindi, Rachael yuko mkekani. Radi ikapiga mti ukingoni mwa msitu. Pascalia akakimbia. Alikimbia mpaka nyumba ya jirani, akaingia uvunguni mwa kitanda, akaziba masikio. Nje mvua ya mawe ilianza kumwagika. Moraa, mke wa msimamizi wa kitalu, ndiye aliyesikia kilio na kumwokota mtoto, amelowa, kichwa kina uvimbe. Pascalia alipotoka uvunguni ndipo alipokumbuka kuwa ana mtoto.

"Mwanamke gani anakimbianga mtoto wake?" Bibi Muhonja aliuliza mbele ya watu. "Arudi kwao Malava. Mtoto abaki."

Baadaye Pascalia alisema kwamba maneno ya mama mkwe hayakumtisha kama alivyojitisha mwenyewe, kwa sababu alijua moyoni kwamba ikinguruma kesho, atakimbia tena.

Kesho yake Moraa alikuja na uzi mweupe na sindano ya kufumia, ile ya chuma yenye ncha iliyopinda.

"Kaa hapa na mimi," alimwambia. "Usiangalie juu, angalia mkono yako. Ikinguruma, hesabu vitanzi kwa sauti nisikie. Mimi nikikuja huku kutoka Kisii nilikuwa nalia kila jioni. Hii kitu ndio ilinishikilia."

Alijaribu. Uzi ulifungana, lakini siku hiyo alibaki kitini. Siku ya tatu Bibi Muhonja aliiona ile sindano ikimetameta huku umeme ukiwaka dirishani. Aliinyakua, akaifungia sandukuni pamoja na kioo na visu.

"Radi inapendanga chuma! Unataka itupige sisi wote?"

Bibi Muhonja hakuwa mtu mbaya. Naye aliogopa, ila woga wake ulikuwa wa kutoa amri. Pascalia akabaki mikono mitupu, wingu linapanda, na mkoba wake wa kurudi Malava ukiwa umeshafungwa.

Mzee Willis ni mtu wa maneno machache, kama mnavyomjua. Alikata tawi la mpera akakaa nyuma ya nyumba na kisu chake. Sindano ya kwanza ilikuwa nene kama mwiko. Ya pili ilivunjika. Ya tatu aliilainisha kwa kipande cha chupa, akaipaka mafuta ya kupikia, kisha akampelekea mama yake kwanza. Bibi Muhonja aliigeuza, akaing'ata kwa jino, akasema, "Hii sawa."

Ngurumo zilipokuja alasiri ile, Pascalia alijifunga Rachael kifuani kwa leso akaanza kufuma. Alihesabu kwa sauti, jasho likimtoka, akikaza vitanzi mpaka kitambaa kikawa kigumu kama gunia. Radi ilipiga karibu. Alipiga yowe, lakini hakuinuka. Kitambaa hicho kibaya kipo mpaka leo, kwenye kiti alichokalia Bibi Muhonja hadi alipofariki, na hakuna aliyeruhusiwa kukiondoa.

Mkoba ulifunguliwa. Mwana wao, Elvis, alizaliwa mwaka wa 1993, na mwaka wa 2004 familia ikahamia mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, ambako marehemu alifundisha kina mama wa jumuiya ya kanisa kufuma. Walikuja wajane, wasiopata usingizi, na wenye mambo wasiyoweza kuyataja, wakaondoka na mabega mepesi. Msidhani yeye alikuwa amepona. Aliogopa miaka yote. Rangi nyekundu hakuigusa hata mara moja, eti inaita radi. Alichopata ni mahali pa kuiweka hofu akiwa ameketi na watoto wake.

Mwaka wa 2023 alipatikana na ugonjwa wa sukari, na vidole vikaanza kufa ganzi. Uzi ulimponyoka asijue. Tulimwona akirudi kuwa yule msichana wa darasa la tano, anatazama dirisha, hali chakula. Rachael ndiye aliyehamia kwake. Alishika sindano, mama akashika donge la uzi, wakahesabu pamoja. Kitambaa kilicho juu ya jeneza ni chao wawili, na mkono ulipobadilika panaonekana.

Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, alasiri, akiwa hospitalini mjini Kakamega, kulinguruma.

"Rachael, uko?"

"Niko, Mama."

"Usiende."

"Siendi."

Rachael alifuma, mama akahesabu kwa midomo, mpaka midomo ikatulia.

Marehemu ameacha mume, Mzee Willis Andati. Watoto, Rachael na Elvis. Mkaza mwana, Emily. Na mjukuu, Cindy, aliyeachiwa sindano ya mpera.

Ameacha pia ombi moja, nasi tunalisoma jinsi alivyolisema: "Mkinizika na mvua ikuje, msikimbie muniache kwa shimo peke yangu." Ndugu na marafiki, mawingu tunayaona, na sisi pia tunaogopa. Atakayeingia hemani hatutamlaumu. Rachael amesema atasimama kaburini mpaka udongo wa mwisho.

Pumzika, Mama Pascalia. Tuko hapa.