Wepukhulu na Kompyuta Yenye Mdomo

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Festus Wepukhulu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha eksirei cha hospitali yetu hapa Kitale. Ukurasa huu wa kumuaga, utakaogawiwa ukumbini siku hiyo, ulitakiwa kwa mpiga chapa jana. Umechelewa kwa sababu mwenyewe hatulii. Anaingia, anatoka, anarudi, anachungulia begani mwangu na kuuliza swali lile lile: ile kompyuta yake ya zamani itapelekwa wapi? Haulizi habari ya keki wala zawadi. Kompyuta! Nimemfukuza mara ya mwisho, nimefunga mlango, na sasa naandika mbiombio kabla hajazunguka kuja dirishani.

Alitoka kwao Lugulu, kule Bungoma, akiwa kijana mwenye cheti kipya na viatu ambavyo wauguzi wa zamani wanaapa vilipiga kelele kuliko mashine. Enzi hizo picha za eksirei ziliogeshwa kwenye dawa gizani, kisha zikaanikwa zikauke. Wepukhulu hakuwa na subira hiyo. Alizishika kwa pembe na kuzipepea huku akitembea nazo barazani, na wagonjwa wakimfuata nyuma kujua kama mfupa umevunjika.

Hajabadilika. Chai anakunywa akiwa amesimama. Mkutanoni hukaa karibu na mlango, na maombi ya kufunga humkuta nje. Idara ilimnunulia kiti kizuri cha ofisi, chenye magurudumu. Kazi ya kiti hicho hadi leo ni kubeba koti lake. Lakini ni mtu huyu asiyetulia ndiye aliyetufundisha karibu sote tunaofanya kazi humu, na mashine ya skani ilipokuja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiwasha na wa kwanza kugombana nayo.

Skani ndiyo iliyotuletea CD. Kila mgonjwa aliondoka na picha zake kwenye CD, na kila mgonjwa alihubiriwa na Wepukhulu kabla ya kuondoka: usiiweke juani, usimpe mtoto achezee, usiiegemeze karibu na jiko. Watu wa Suam, kule mpakani, walimsikiliza, wakaifunga ndani ya leso, wakaenda. Walirudi nayo ikiwa safi, maana walijua atawauliza.

Mwaka jana ndipo balaa lilipoanza. Kompyuta mpya za mezani ziliwasili, nyembamba, nyeusi, nzuri ajabu, na hakuna hata moja iliyokuwa na mahali pa kuingizia CD. Muchiri, mkuu wetu wa kompyuta, alieleza kwa upole kwamba mambo ya CD yamepitwa na wakati. Picha zetu sasa hupita kwenye mtandao wa hospitali, daktari anazifungua akiwa chumbani kwake, na zile draivu za CD zilikuwa zikijaa vumbi na kuharibika kila mara. Tuseme kweli, Muchiri hakukosea. Wengi wetu tulishangilia.

Wepukhulu hakushangilia hata kidogo. Alipita chumba kwa chumba akiinama nyuma ya kila kompyuta, ati anatafuta mdomo. Aliuliza kwa sauti iliyofika hadi duka la dawa: na mgonjwa aliyepigwa skani kwingine akaja na CD yake, tuitazame kwa mwanga wa jua?

Hospitali ikanunua draivu mbili za nje, zile za kuchomeka kwa waya. Tunajuana. Kitu cha kuchomeka, hapa kwetu, hupata miguu. Ya kwanza iliazimwa na ofisi fulani na mpaka leo ofisi zote zinakana. Ya pili ilipatikana nyumbani kwa muuguzi mmoja, ambako familia nzima ilikuwa ikitazama video ya harusi. Hapo ndipo Wepukhulu alipoifungia kompyuta yake ya zamani pembeni mwa chumba cha eksirei, akatangaza kwamba iliyo na mdomo ndani ya mwili wake haiazimwi, na atakayeigusa wataonana.

Tulimcheka, bana. Tulimcheka hadi habari ya Rosaline ilipofika.

Rosaline ni mkulima kutoka upande wa Lugulu. Kichwani alikuwa na uvimbe mdogo, na picha zake za kwanza zilikuwa kwenye CD kutoka hospitali nyingine, ambako mashine ilishakufa pamoja na kumbukumbu zake. Alipokuja kliniki kwetu, aliambiwa kwenye meza ya mapokezi kwamba CD haisomeki hapa. Hakuna aliyemwelekeza chumba cha eksirei. Akairudisha nyumbani. Baadaye daktari wa upasuaji alipoiona skani mpya, alitaka jambo moja tu: kulinganisha. Kama uvimbe umekua, kichwa kinafunguliwa. Kama haujakua, mama anaachwa arudi kwa wanawe.

Wepukhulu aliyasikia hayo akipita barazani, na mtu akiwa hatulii husikia mengi. Akapiga simu nyumbani kwa Rosaline. Aliyepokea ni mama mkwe. "Hiyo CD si mlisema haifanyi kazi? Iko shambani inafukuza ndege. Na inafukuza vizuri!"

Kweli, wimbi, ule ulezi wa uji, lilikuwa limeanza kuiva, na mama wa watu alikuwa ametundika kila CD ya nyumba ile kwenye kamba ya katani. Jumamosi Wepukhulu alikuwa katikati ya shamba hilo, amekunja suruali, anakusanya CD zinazozunguka kwa upepo, na mama mkwe anamfuata akiuliza ndege atawafukuza nani. Jua na mvua vilikuwa vimefuta maandishi yote. Akazibeba zote.

Jumatatu tulijaa kwenye chumba chake. Ya kwanza ilikuwa kwaya. Ya pili ilikuwa mahubiri. Nyingine ilikuwa harusi, na Kiptanui wa maabara akamtambua binamu yake. Hatukucheka sana, kwa sababu Rosaline alikuwa amekaa pale pale ameshika mkoba kwa mikono miwili. Ilipoingia ile yenye mikwaruzo mingi, draivu ilikohoa, ikaitema. Wepukhulu akaifuta kwa shati lake, akairudisha. Ikatemwa tena. Akaifuta tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama bila kusogea. Picha ikafunguka. Uvimbe ulikuwa vile vile, haukuongezeka hata kidogo. Rosaline hakupasuliwa. Alilia, nasi tukalia, na daktari akajifanya anapangusa miwani.

Basi mwelewe kwa nini mzee huyu anatusumbua wiki hii. Kompyuta yake imechoka, inapelekwa stoo siku anayoondoka, na Jumatatu chumba kinabaki mikononi mwangu. Swali lake ni la haki. Mimi pia limenikosesha raha, maana ni mimi nitakayemtazama Rosaline mwingine usoni.

Wepukhulu, jibu tulilokuficha ni hili. Unaposoma hapa, inuka uende chumbani. Tunajua tayari umeinuka. Kompyuta mpya iko mezani. Muchiri ameitoa draivu kwenye kompyuta yako ya zamani, akaitia ndani ya hii mpya na kuikaza kwa skrubu. Amesema ni hii moja tu, na zile nyingine hazitapata mdomo hata ukirudi kugomba. Bonyeza kitufe. Rosaline amekuja na CD yake leo, imefungwa kwenye leso, na amekataa mtu mwingine aiingize.

Asante kwa miaka yote ya kutotulia kwa ajili ya watu. Nenda Lugulu kwa amani, ule wimbi la nyumbani, Mungu akupe siku ndefu na njema. Ukishaiona picha ikifunguka, rudi ukumbini. Kile kiti chako tumekiondolea koti. Kaa.

Bilha Wangechi,
Idara ya Eksirei