Mwimbaji Wenu, Mke Wangu

Ndugu wafiwa wenzangu, majirani, wafanyakazi wa hotelini, na nyinyi wengine ambao siwajui lakini naona mnalia kunizidi mimi mwenye msiba, poleni, na asanteni kwa kufika. Kwa kawaida historia hii ya marehemu husomwa na mwakilishi wa familia, na shemeji yangu mkubwa alishavaa miwani kabisa, lakini nimemwomba anipishe niisome mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusimuliwa habari za mke wangu na watu baki. Bendi yake imeomba impigie wimbo mmoja hapo kaburini kabla hajateremshwa, watoto wamekubali, mimi sijakubali, nimewaambia nitatoa jibu nikimaliza kusoma, na mpiga kinanda aache kunitazama, bado sijamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu, na mama yake alipofariki alichukuliwa na shangazi yake, mshonaji wa magauni ya harusi, ambaye mwenyewe hakuolewa, ila alikuwa na gramafoni na rundo la santuri za bolero, zile nyimbo za mapenzi za Kihispania, alizoachiwa na mchumba aliyeaga akisema anarudi sasa hivi. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 1978, na walimu wake wote walimsifu kwa upole wake. Kihispania hakufundishwa na mtu, alikidaka kwenye zile santuri huku akishona vifungo, maneno mengi hakujua maana yake, lakini aliyatamka kwa uchungu hata shangazi akawa anaacha cherehani na kupenga kamasi.

Mwaka 1980 aliajiriwa hotelini kama mpokea wageni, na Ijumaa moja mwimbaji wa bendi hakutokea, wageni wakaanza kugonga meza, yeye akatoka nyuma ya kaunta, akashika maikrofoni, na kaunta hakuirudia tena. Walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kupaza sauti hata siku moja. Mliokuwepo mnaujua muziki wenyewe, ile jazi ya mapenzi yenye damu ya Kilatini, ngoma inapapaswa kwa brashi badala ya kupigwa, besi inatembea kama mtu anayerudi nyumbani akijua hatagombezwa, halafu mwanamke anasogeza mdomo karibu na maikrofoni na kusema kitu kidogo, na kila mwanamume ukumbini, awe na mke pembeni au hana, anaamini ameambiwa yeye.

Mimi niliitwa hotelini mwaka 1986 kutengeneza jokofu la baa, mimi ni fundi majokofu, na nikiwa nimelala chini nimeingiza mkono kwenye kompresa nikaona viatu vyake vimesimama, akaniambia, fundi, hili jokofu lako linaimba, na linaimba vibaya, lizime mpaka nimalize. Nikalizima, bia zikapata moto, meneja akanitukana, na wala sikujali. Tulifunga ndoa tarehe 9 Mei 1987 kwa msajili wa ndoa, na jioni kwenye sherehe aliombwa aimbe, akaimba akiwa na shela lake kichwani, na alipotaka kuanza kila ubeti hakunitazama mimi bwana harusi, alimtazama mpiga kinanda. Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma, na ndugu zangu, haikupona.

Kila Ijumaa nilikaa meza ya kando ya mlango wa jikoni, mfuko wa spana miguuni, soda mbele yangu, nikihesabu macho. Aliwahi kukaa karibu yangu bwana mmoja wa bima, akaniinamia na kuniambia, huyu dada leo ananiimbia mimi, nikamjibu huyo dada ni mke wangu, akaitazama suruali yangu yenye grisi, akacheka mpaka akapaliwa. Lakini bwana wa bima alikuwa mpita njia, aliyeninyima usingizi ni mpiga kinanda, mseja, ananukia, hana kelele, nimemchunguza kweli kweli, nimeuliza walinzi, nimeuliza wahudumu, sikupata kitu chochote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana ningepata kitu ningejua pa kumkaba. Nyumbani mke wangu hakuimba, alisema anapumzisha koo, na nilipomwomba aniimbie mimi tu, sebuleni, alijifunika kanga usoni akaniambia, jamani mume wangu, tukiwa wawili naona aibu.

Tulijaliwa watoto wawili, wa kwanza ni huyu fundi umeme, wa pili ni huyu mwalimu wa hesabu, na wote wawili hawajui kuimba hata kidogo, wakijaribu mbwa wanabweka, wamenifuata mimi baba yao, na anayetaka kujua kwa nini nalitaja hili kwa furaha atakuwa hajanisikiliza.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuishiwa pumzi, madaktari wakasema ni mapafu, akaacha kazi, na hapo mpiga kinanda akaanza kuja kwangu kila Jumapili na kinanda kidogo cha umeme, akikaa sebuleni kwangu, kwenye kiti changu. Nilikubali kwa sababu mgonjwa aliomba. Nikiwa jikoni nachemsha chai nikawasikiliza, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakionea kijicho miaka yote, kwamba katika muziki huo mwimbaji haingii anapotakiwa kuingia, anachelewa kidogo kwa makusudi, na utamu wote uko hapo, na anayempigia inabidi amshikilie nafasi yake, asimharakishe, asiijaze. Pumzi zilivyopungua, kuchelewa kwake kukazidi, ikafika mahali naona basi tena, leo neno halitoki, na yule bwana ameinamisha kichwa, vidole vimetulia, anamngoja, mpaka lilipotoka. Nikasema moyoni, loo, huyu mtu amekuwa akimngoja mke wangu kila Ijumaa, na mimi miaka yote nilikuwa kama mtu aliye getini anampigia honi afanye haraka. Hakunichukulia mke, lakini kipaji hicho cha kungoja alikuwa nacho yeye, mimi sikuwa nacho, na ningejua kinauzwa wapi ningeuza hata spana zangu.

Alilazwa mwanzoni mwa Oktoba 2023, na asubuhi ya Jumanne tarehe 17 nilikuwa nimemshika mkono namwambia vuta pumzi, mama, vuta, fanya haraka, akafumbua macho akanitazama mimi, mimi mwenyewe, hapakuwa na mwingine chumbani, akatabasamu, na hakuvuta tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi mrefu aliyemsuka nywele bila kuombwa, inawashukuru majirani waliotupikia na kutufulia, uongozi wa hoteli kwa usafiri, wanabendi wote, na mpiga kinanda, ambaye binti yangu, huyu mwalimu, ameandika hapa kwamba nimshukuru kwa dhati, basi nimemshukuru.

Sasa jibu langu. Usiku kucha lilikuwa hapana, na mpaka nasimama hapa lilikuwa hapana, lakini wimbo ni wake, pigeni. Wewe bwana wa kinanda, naomba kitu kimoja mbele ya mashahidi hawa, ukifika pale ambapo yeye huingia, usimngoje, pita moja kwa moja, malizia wimbo wako ufunge kinanda. Wewe umeshamngoja vya kutosha, na yeye hana haja ya kungojwa tena na mtu, kazi hiyo sasa ameichukua yeye, na anayengojwa ni mimi.

Pumzika kwa amani, mke wangu.