Ubatizo wa Mzee Nchagwa

Katika basi la Mugumu, Regina alijifunika kanga usoni kama aliyelala, kumbe anasikiliza viti vya mbele.

"Mzee wetu Nchagwa ana miaka ishirini kanisani," alisema mama mmoja wa kwaya, "lakini bila ubatizo haioni mbingu. Amwache kwanza yule mke mdogo, ndipo aingie majini."

Muuza dagaa aliyekaa naye akacheka. "Kwani yule mwizi msalabani alibatizwa lini?"

"Yule alipigiliwa misumari, baba. Nchagwa miguu anayo, na bwawa la Manchira lile pale!"

Regina nusura acheke ndani ya kanga.

"Na huyo mdogo akishaachwa," muuza dagaa akauliza, "wokovu wake mmempangia nani?"

Mama akafungua mdomo, basi likasimama Manchira. Regina akajifunua.

"Shikamooni. Naomba kupita, mke mdogo anashukia hapa."