Ushuhuda Tuliomkatiza Akiru

Njooni karibu, wanangu, na wewe Mutie zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigawana na watu wa habari. Leo nasema Kiswahili, ijapokuwa Kikamba ndicho kilichonilea, kwa sababu Akiru amekaa pale mlangoni na haya yanamhusu yeye kuliko mtu yeyote.

Shamba la juu ni lako, Mutie, pamoja na mbuzi; na ule ugomvi wa mpaka na baba yenu mdogo umekwisha, alikuja tukasali pamoja, msiufufue. Shamba la chini, karibu na mto, lilikuwa la ndugu yako Kyule, na kwa kuwa Kyule alitutoka kwa ajali ya lori pale Malili, ni la mke wake Akiru na watoto wao. Najua mnavyonong'ona, kwamba mwanamke wa Turkana arudi kwao Lodwar, kwamba hata kusalimu kwa Kikamba bado kunamshinda. Mimi niko hai bado, na nasema hapana.

Sikilizeni. Kyule alipomleta kutoka huko alikokuwa akipeleka magunia ya ndengu, ushirika wa akina mama ulikuwa hapa kwangu kila Jumatano, na desturi yetu ni kwamba mgeni aliyeokoka husimama akatoa ushuhuda, ndipo chai imiminwe. Akiru akasimama. Akaanza kwa Kiturkana, maana hicho ndicho alichokuwa nacho, machozi yakimtoka, na Mama Kavindu, kiongozi wetu, akampungia mkono aketi mpaka mkalimani apatikane. Sote tukamimina chai. Mkalimani hakutafutwa. Hilo linaniuma kuliko mguu huu uliokufa, kwa sababu alipokwisha kujifunza Kiswahili nilimwomba aniambie alichotaka kusema siku ile, akacheka tu, akasema, "Mwaitu, mama yangu, hiyo ilishapita." Nitakufa sijakisikia.

Kiharusi kiliponiangusha, ulimi ukakataa kabisa, wewe Mutie ulikuwa Nairobi, akina mama wakaja wakaomba wakarudi kwa mashamba yao, na aliyebaki kunigeuza kitandani alikuwa huyu. Aliniombea kwa lugha yake, nami nikashika neno moja tu, Akuj, yaani Mungu, na kila alipolitaja nilimfinya mkono. Hiyo ndiyo iliyokuwa amina yangu. Sijawahi kushiba maombi namna ile, hata kanisani.

Basi siku ya kunizika, mwacheni aombe kwa Kiturkana mpaka amalize mwenyewe. Mchungaji Mbithi akiuliza, mwambieni mimi ndiye niliyesema. Ushirika wa Jumatano usihame nyumba hii. Akiru ataupokea, na asiyetaka kukaribishwa naye akanywe chai kwake.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto wenye adabu, na pasiwe na mtu wa nyumba hii atakayelala na kinyongo... Nipeni maji. Kidogo tu... inatosha.

Mutie, naona ukungu. Sogea pale alipo mke wa ndugu yako, umshike mkono, umwambie hapa ni kwao... Mbona umeinamisha kichwa? Nenda, baba... nenda nikiwa bado naona.